Nilinunua Gari la Mkononi

Kwa miaka 18 nimekwenda kazini kwa miguu, kwa daladala na, siku za kuchelewa, kwa bodaboda. Mimi ni muuguzi mjini Morogoro, mke wa mwalimu na mama wa watoto watatu. Jumamosi huwa natoka na kina mama wenzangu wa kanisani kuwatembelea wagonjwa majumbani. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningemiliki gari. Gari lilikuwa la daktari, la mfanyabiashara au la mchungaji wa usharika mkubwa.

Kilichonibadilisha mawazo ni mama mkwe wangu. Mwaka 2023 alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea na maneno yakawa yanatoka polepole, ingawa akili yake ni nzima kabisa. Tulimleta kwetu Kihonda, na daktari akaagiza afanyiwe mazoezi ya viungo hospitalini kila Jumanne na Ijumaa. Mtu wa namna hiyo humpandishi bodaboda, na kwenye daladala ya asubuhi angekanyagwa. Tukawa tunakodi bajaji kwa shilingi 14,000 kwenda, kungoja na kurudi. Kwa mwezi ni zaidi ya laki moja, na siku nyingine bajaji yenyewe haikutokea.

Nikaenda SACCOS ya kazini, nikakopa shilingi milioni 8 za kukatwa kwenye mshahara kwa miezi 36. Baba Neema hakukataa, ila alikaa kimya kwa muda akiitazama dari ya sebule yetu, ambayo haipo. Tulikuwa tumepanga kuweka dari mwaka huo.

"Haya," akasema. "Mama akipona miguu, dari itakuja."

Ndugu yetu mwenye gari

Yalikuwapo magari mengi ya kuuzwa, lakini nililichagua la mtu ninayemfahamu. Ni ndugu tunayekutana naye kwenye ibada za pamoja na mikutano ya injili, mtu mwenye heshima zake. Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, rangi ya fedha, namba D, milango mitano. Alitaka milioni 7 na laki 8, tukaelewana kwa milioni 7 na laki 4.

Baba Neema aliniambia, "Nenda na fundi."

Nikamjibu kwamba huo ungekuwa utovu wa adabu. Utamkaguaje ndugu yako kama vile unamshuku wizi? Nililizungusha gari mara mbili barabarani, alfajiri, kabla ya magari kuwa mengi. Lilikwenda vizuri. Nikamuuliza, "Lina tatizo lolote?" Akanijibu, "Dada, hili ni la kuwasha na kuondoka."

Ndugu msomaji, naomba ulikumbuke jibu hilo. Nimekaa wodini miaka 18, na kila mgonjwa anayeingia namwuliza maradhi aliyowahi kuugua, dawa anazotumia, na kama aliwahi kupasuliwa. Hata awe mzee wa kanisa, nitampima joto na presha. Lakini kwa kitu kilichobeba deni la miaka mitatu niliridhika na neno moja, kwa sababu msemaji ni mpendwa.

Siku za mwanzo

Tulilileta nyumbani mwishoni mwa Februari 2025. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya udereva na kupata leseni daraja D, lakini kuendesha gari la shule ukiwa na mwalimu pembeni ni jambo moja, na kuendesha lako ni jambo jingine. Kutoka Kihonda hadi hospitali nilishika usukani kwa nguvu hata mabega yakaniuma hadi usiku. Kwenye mzunguko wa Msamvu nilisimama kungoja nafasi hadi kondakta wa basi akashusha kichwa dirishani na kuniuliza, "Mama, umehamia hapo?"

Kila nikiwasha, sauti ya mwanamke wa Kijapani ilisema maneno kwa upole kutoka chini ya dashibodi. Hatukujua anasema nini. Mama mkwe, aliyekaa kiti cha mbele akiwa amefungwa mkanda, alidhani ni salamu. Alijikusanya, akavuta pumzi, akajibu, "Ma-ra-ha-ba." Tangu siku hiyo hajaacha kumjibu. Kwa mgonjwa wa kiharusi kutamka neno zima kila asubuhi ni zoezi, kwa hiyo sikumkatiza.

Redio nayo ilitushinda. Ilitengenezwa kwa masafa ya Japani, yanayoanzia 76 na kuishia 90, na sisi stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Ilikuwa ikikoroma tu, hadi tukaizima.

Majirani walikuja kutoa hongera. Mmoja aliniambia nimeukata. Nikacheka, kwa sababu yeye haoni makato ya mshahara wangu. Wiki ya kwanza niliombwa kupeleka spika za kwaya, kumfuata mgeni stendi, kubeba magunia mawili ya mkaa na kumpeleka mwanafunzi bweni. Wiki hiyohiyo, saa 8 usiku, mlango uligongwa. Alikuwa kijana wa nyumba ya tatu, mkewe ameshikwa na uchungu. Nilitoka na kanga yangu na funguo, tukafika hospitali na mtoto akazaliwa salama dakika kama 40 baadaye. Niliporudi nyumbani sikuweza kulala. Mara ngapi nimewapokea mlangoni wanawake waliochelewa kwa kukosa usafiri! Niliona kwamba deni langu halikuwa bure.

Lakini gari lilinionyesha na jambo jingine. Mvua za masika zilipoanza, nilipita kwenye dimbwi karibu na soko dogo. Nikasikia kelele. Kwenye kioo nikaona mama muuza mchicha amelowa kuanzia kichwani hadi miguuni, na mafungu yake yamejaa tope. Miaka 18 nimewalaani madereva wa namna hiyo. Sasa nilikuwa mmoja wao, na haikunichukua hata wiki tatu. Nilirudi, nikamwomba radhi na kulipa mafungu yote. Alizipokea fedha, lakini hakunitazama usoni.

Na lenyewe lina presha

Kwenye dashibodi kulikuwa na taa ndogo ya buluu iliyowaka kila asubuhi na kukaa muda mrefu. Niliipenda. Sikujua kwamba taa ile huonyesha injini bado ni baridi, na kwamba inapaswa kuzimika mapema injini ikipata joto. Nilifikiri ni pambo.

Ijumaa ya tatu tulikuwa tunatoka mazoezini. Kulikuwa na foleni ndefu karibu na Msamvu, jua kali, magari yamesimama. Nikaona taa nyekundu imewaka mahali palepale pa ile ya buluu. Kabla sijajua nifanye nini, mvuke ulianza kutoka kwenye boneti. Nilijisogeza pembeni na kuzima injini. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Vijana walitujia mbio. Mmoja alifungua boneti, akazungushia kitambaa mkononi na kuushika mfuniko wa rejeta. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga hata wodini: "Usifungue!" Nimewafunga vidonda watu waliofungua rejeta ya moto. Maji yaliyobanwa mle ndani yana joto kupita la chungu kinachochemka jikoni, na mfuniko ukiachia huruka yote pamoja usoni, kifuani na mikononi. Nilimwambia tungoje hadi injini ipoe kabisa. Akaniona mama mwoga, lakini alitoa mkono.

Tulingoja karibu saa nzima. Mama mkwe alikuwa ametulia kwenye kiti chake, mlango wazi, akijipepea kwa kadi ya kliniki. Alilitazama gari, akanitazama mimi, akasema neno mojamoja, "Na lenyewe... lina... presha."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na machozi hayo hayakuwa ya kicheko peke yake.

Fundi anayelifahamu gari

Gari lilivutwa hadi kwa fundi. Aliliona tu, akatikisa kichwa. "Mama, hili si lilikuwa la fulani? Mwaka jana niliambiwa nilitazame. Nilimweleza kwamba hedi ifunguliwe. Akasema atalifikiria."

Akanionyesha mambo moja baada ya jingine, kama daktari anayewafundisha wanafunzi pembeni ya kitanda. Feni ya rejeta ilikuwa haizunguki. Gari likikimbia, upepo hupoza maji, lakini likisimama kwenye foleni hakuna cha kuyapoza. Ndiyo maana alfajiri ile sikuona kitu. Kwenye rejeta kulikuwa na maji ya bomba yaliyogeuka rangi ya kutu, badala ya kulanti ambayo huzuia kutu na kuyafanya maji yachelewe kuchemka. Themostati, kidude kinachofunga na kufungua njia ya maji kulingana na joto, kilikuwa kimeng'olewa na kutupwa. Kumbe ndiyo sababu ya ile taa yangu nzuri ya buluu. Mwisho akafungua mfuniko wa oili. Chini yake kulikuwa na utandu mweupe kama chai ya maziwa. Gasketi ya hedi ilikuwa imeanza kuvuja, maji na oili vinakutana.

Matengenezo yote yangefika shilingi 870,000. Nilikaa juu ya tairi kuukuu. Fundi akanihurumia, akashusha sauti.

"Ipo njia nyingine, mama. Nikutengenezee feni, tuweke dawa ya kuziba, nibadilishe oili. Kwa laki moja na nusu litatulia. Miezi miwili, mitatu. Halafu liuze."

Jioni ile nilikwenda kwa yule ndugu, peke yangu, bila kumweleza mtu mwingine kanisani. Nilimwuliza kama alijua. Hakukana. Alitazama chini muda mrefu, akasema, "Dada, na mimi niliuziwa hivyohivyo."

Nilirudi nyumbani bila neno. Njiani nilifikiri juu ya gari lile dogo linavyopita mkono hadi mkono, kila mmoja akilitia dawa ya kuziba na kumkabidhi mwenzake kwa tabasamu. Sote tulikuwa tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, na kila mmoja alikuwa tayari kulifunga gunia upya.

Siku tatu

Nasema sote kwa sababu nami nilikuwa karibu kulifunga. Kazini yupo muuguzi kijana aliyelipenda gari langu tangu siku ya kwanza. Amekusanya fedha zake kwa shida, ana mtoto mchanga, anaishi mbali kuliko mimi. Jumatatu alinijia kwenye chumba cha dawa. "Dada, nasikia gari limekusumbua kidogo. Kama unauza, mimi ninazo milioni 7."

Milioni 7. Ningerudisha karibu fedha yangu yote. Dari yetu ingeonekana. Nilimwambia nitamjibu.

Siku tatu nilijipa sababu. Nilisema moyoni kwamba litakuwa limetengenezwa, si uongo. Kwamba yeye ni mtu mzima, anaweza kwenda na fundi wake. Kwamba hata mimi hakuna aliyenihurumia. Nilijiambia pia kwamba asiponiuliza, sitakuwa nimesema lolote la uongo. Nawaeleza haya kina mama wenzangu kwa sababu zamani nilidhani mtu anayeuza gari bovu ni mtu wa namna nyingine, mwenye sura nyingine. Sivyo. Ni mtu mwenye deni, anayelala macho akihesabu.

Nilimweleza Baba Neema yote, pamoja na njia ya fundi. Nilitumaini ataniamulia, nipate wa kumlaumu baadaye. Alimaliza kusahihisha daftari lililokuwa mkononi, akasema, "Gari umelinunua wewe, na uamuzi ni wako. Mimi nitaujua tu kwa jinsi utakavyolala."

Alhamisi nilimwita yule kijana pembeni. Nikamweleza gari zima, tangu feni hadi utandu wa chini ya mfuniko wa oili. Nikamwambia, "Ukilitaka hivyo lilivyo, bei yake siyo milioni 7. Nisingependa umbebe mwanao ndani yake kabla halijafunguliwa." Alinyamaza, kisha akasema, "Asante, dada. Kumbe ungeweza kunificha." Hakununua. Sikutegemea anunue.

Fedha ya matengenezo tuliitoa pale ilipokuwa. Mbao za dari zilikuwa zimewekewa akiba ya laki 9, ikabaki elfu 30. Fundi alifungua hedi, ikapelekwa kusawazishwa, ikawekwa gasketi mpya, rejeta nyingine, feni, themostati na kulanti. Siku 9 mama mkwe alirudi kwenye bajaji.

Yule ndugu wa gari, mwezi mmoja baadaye, alinitumia shilingi 200,000 kwa simu. Hakuandika neno lolote. Sikuziomba, wala sikuzirudisha. Tunapokutana tunasalimiana. Bado pana kitu kati yetu, lakini ile mia mbili ilifungua dirisha kidogo.

Niliyojifunza

Kwa dada anayefikiria kununua gari lililokwisha kutumika, nampa machache haya.

Nenda na fundi wako, hata muuzaji awe mtumishi wa Mungu. Kukagua si kumtukana mtu. Ni kumsaidia asiingie majaribuni. Likute gari likiwa halijawashwa kutwa, uliwashe mwenyewe injini ikiwa baridi. Kabla ya kuwasha, fundi atazame rangi ya maji kwenye rejeta na chini ya mfuniko wa oili. Kisha liache likiunguruma limesimama, nusu saa au zaidi, hadi usikie feni imeanza kuzunguka yenyewe. Moshi mweupe ukiendelea kutoka nyuma hata baada ya injini kupata joto, usitoe fedha. Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye kadi na iliyopigwa kwenye bodi, uliza kama kuna faini za barabarani zilizobaki, na ubadilishe jina la kadi TRA bila kuchelewa.

Piga hesabu ya kweli. Mimi nilidhani nitaokoa ile laki ya bajaji. Mafuta peke yake yanakula shilingi 30,000 kwa wiki, na bei hubadilika mamlaka inapoitangaza kila mwezi. Kuna bima, oili na matairi. Na bima ndogo humlipa yule uliyemgonga. Gari lako haliko humo. Gari haliokoi fedha. Linanunua muda na afya za watu, basi ujue ni za nani.

Tena, pangeni nyumbani nani atabebwa. Sisi tumekubaliana kwamba mgonjwa na mama mjamzito wabebwe saa yoyote, bila kuombwa mafuta. Spika za kwaya na mkaa vichangie mafuta. Wengine walinuna wiki mbili, sasa wamezoea.

Hivi juzi kijana mmoja wa karakana, aliyewahi kufanya kazi kwenye yadi ya magari Dar es Salaam, alinieleza maneno ya yule mwanamke wa Kijapani. Kumbe hasalimii. Anasema kadi ya kulipia barabara haijawekwa kwenye mashine. Kule kwao kuna barabara za kulipia, na kifaa kile kinaendelea kukumbusha deni la nchi nyingine. Kijana akauliza kama akikate.

Nilimtazama mama mkwe. Siku hizi anatembea kwa fimbo kutoka mlangoni hadi kwenye gari, hatua 14, na mimi nazihesabu kimoyomoyo.

"Kiache," nikasema.

Nikawasha. Mwanamke yule akasema maneno yake. Mama mkwe akaweka fimbo katikati ya magoti, akajibu bila kukatakata, "Marahaba, mwanangu." Ndani ya nyumba yetu bado tunatazama bati.